“Contempt” si dharau tu tunayoijua

Kazi yangu ni ukalimani. Nakaa katikati ya watu wawili wasiosikilizana lugha, mmoja Kiingereza, mwingine Kiswahili, nami nahamisha maneno: hospitalini, shuleni, ofisi za kaunsili, siku nyingine mahakamani. Maneno ya kitaalamu hayanitishi. Ugonjwa wa figo una maelezo yake, mkopo wa nyumba una maelezo yake, na mwenye ofisi yupo hapo, utamwomba afafanue. Linalonitoa jasho ni neno fupi ambalo kila aliyesoma sekondari anadhani analijua. “Contempt.”

Fungua kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, utakuta wameandika “dharau”. Kamusi haijasema uongo. Lakini neno hili lina miguu miwili. Mmoja ni dharau yetu ya kila siku. Wa pili umesimama mahali ambapo Mswahili wa kawaida hauoni, na huo wa pili unaweza kumpeleka mtu jela huku akiwa na adabu zake zote. Ndiyo maana nimeomba nafasi katika ukurasa huu wa familia.

Tuanze na wanafunzi, maana najua ninyi mna haraka.

“Contempt” ni nomino. Kitenzi chake cha zamani kimebaki vitabuni tu, kwa hiyo usiandike kwenye insha ya chuo kwamba fulani “contempted” mwenzake. Mwalimu atazungushia wino mwekundu. Waingereza husema “to hold someone in contempt”, yaani kumweka mtu ndani ya dharau, kana kwamba dharau ni chumba. Au husema “to treat with contempt”, kumtendea kwa dharau. Ukitaka kitenzi kimoja, chukua “despise”. Hicho asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kutazama chini. Kina ndugu zake. “Disdain” ni dharau ya pua iliyoinuliwa, ya baridi, ya mtu anayeona hukustahili hata kusimama karibu naye. “Scorn” ina moto na sauti, iko karibu na kubeza na kukebehi kwetu. “Contempt” haina moto wala pua. Ni kama hukumu iliyokwisha kutolewa: nimekupima, sikuona uzito, basi.

Halafu kuna mapacha wawili wanaochanganya watu. “Contemptuous” ni mwenye kudharau. “Contemptible” ni anayestahili kudharauliwa. Kijana mmoja wa kwetu aliandika barua ya kumwomba radhi mhadhiri wake, akaeleza kwamba hakukusudia kuwa “contemptible”. Nasikia mhadhiri aliisoma mara mbili, akamsamehe papo hapo. Ingawa wapo waliolivaa neno hilo kama nishani: askari wa Uingereza waliopelekwa Ufaransa mwaka 1914 walijiita “Old Contemptibles”, baada ya kusikia kwamba Kaisari wa Ujerumani amewaita kajeshi ka kudharaulika. Kama Kaisari alilisema kweli au walisingizia, wanahistoria wanabishana mpaka leo. Wazee wale walikuwa na chama chao na beji zao.

Na tazameni viungo viwili vidogo, “for” na “of”. “Contempt for” ni hisia: dharau aliyo nayo mtu juu ya waongo, juu ya wanasiasa, juu ya chai iliyotiwa maziwa baridi. “Contempt of” ni ya mahakama na Bunge. Mtu anaweza kuwa na ya kwanza maisha yake yote asiulizwe na yeyote. Ya pili ina askari mlangoni.

Sasa turudi kwetu. Kwetu dharau inaonekana kwa macho. Mimi nimekulia Tanga, na nikiulizwa dharau ni nini, kwanza naona vitendo. Mtu anakupita bila salamu. Anapokea kitu kwako kwa mkono wa kushoto. Unazungumza naye amekupa mgongo. Anakutazama kutoka utosini hadi unyayoni, kisha anabeua midomo. Na mfalme wa vyote hivyo, msonyo. Bibi yangu mzaa mama alikuwa na uziwi wa kumsumbua kwa kila jambo, lakini msonyo aliusikia kutoka chumba cha tatu, na alijua umetoka kinywa cha nani.

Orodhesha maneno yetu ya jamii hiyo: kubeza, kubeua, kukebehi, kutweza, kusonya au kufyonya, kila mtu na kwao. Mengi yake yana uso, mdomo au sauti. Kwa hiyo Mswahili akisikia anatuhumiwa dharau, anajikagua adabu. Nilimsalimu? Nilimjibu vibaya? Nilipandisha sauti? Kama hakufanya hayo, roho yake inatulia. Hapo ndipo hatari inapoanzia.

Ya mahakamani siandiki, kazi yangu hainiruhusu. Hii nitakayoisimulia ni ya nyumbani. Jirani yetu, mtu wa Unguja, wa makamo, dereva wa basi, alikuja kwetu usiku na bahasha. Ameniruhusu niieleze bila jina lake, kwa sababu, alisema, wako wengine watakaoipata.

Nikamwamkia, akaitika, akakaa, akakataa chai, nikajua jambo ni zito. Akatoa karatasi.

“Dada yangu, hebu nisomee hapa. Mimi nimeambiwa nimemdharau hakimu.”

Ilikuwa amri ya mahakama ya familia. Yeye na mkewe walikwisha kuachana, mtoto anaishi na mama, na pasipoti ya mtoto ilikuwa imebaki kwa baba. Mahakama ilimwamuru aikabidhi kwa wakili wa mama kabla ya tarehe fulani. Tarehe ile ilipita. Amri ya pili ikaja na tarehe mpya, Ijumaa ya wiki ile, saa kumi jioni. Na juu yake, ukurasa wa kwanza, kwa herufi nene, lilikuwapo onyo la adhabu. Onyo hilo huandikwa karibu namna moja popote utakapolikuta: usipotii amri hii unaweza kuonekana uko “in contempt of court”, na unaweza kufungwa, kutozwa faini, au mali yako kukamatwa.

“Mimi sijakataa,” akasema. “Nimewaandikia barua nzuri kabisa, kwa heshima zote. Nimesema wazee wa pande mbili wakae kwanza. Mjomba wake mtoto anasafiri kutoka Muscat, akifika tutakaa, pasipoti nitaitoa mbele yao. Hakimu yule mwanamama, siku ile nilisimama, niliinamisha kichwa, sikumkatiza neno. Wapi nimemdharau?”

Na kweli kabisa hakumdharau. Namfahamu, ni mtu anayeteremka kwenye basi kumsaidia bibi wa Kizungu na kigari chake cha sokoni. Kwa Kiswahili alikuwa na haki ya kushangaa. Alichotaka kukifanya ni kile ambacho kwetu kinahesabiwa kuwa heshima ya juu kuliko zote: kuliondoa jambo mikononi mwa watoto na kulipeleka kwa wakubwa.

Nilijua nikisoma tena “kudharau mahakama” ataendelea kunieleza alivyoinamisha kichwa. Nikamwuliza kama anakumbuka ile methali ya mwiba.

“Mdharau mwiba mguu huota tende,” akaimalizia mwenyewe.

Huyu mdharau mwiba, nikamwuliza, kwani alimtukana mwiba? Alimsonya? Akafikiri. Hapana. Alifanya nini? Hakufanya kitu. Alichomwa, akaona ni kidogo, akaendelea na safari zake, hakuung’oa.

Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, “Kumbe hiyo ndiyo kontempti.”

Ndiyo hiyo. Kiswahili kinalo neno, tena ni lilelile dharau, ila maana hii tumeiacha ndani ya methali na hatuitumii mezani. Kutokuupa mwiba uzito wake. Mahakama ya Uingereza haikuulizi uso wako ulikuwaje. Inauliza mambo makavu: amri ilikufikia? Ulijua inasema nini? Ulikuwa na uwezo wa kuitekeleza? Uliitekeleza kabla ya saa kumi? Unaweza kuwa umebusu ngazi za jengo, kama pasipoti iko kabatini mwako Ijumaa saa kumi na dakika tano, uko kwenye “contempt”. Na kinyume chake pia: mtu anaweza kumchukia hakimu yule kuliko shetani, akaenda nyumbani akasonya mpaka meno yakauma, lakini kama ameikabidhi pasipoti, mahakama haina habari naye.

Mimi na watu wa Tanga hatuna ugumu kuielewa methali hiyo. Novemba 1914 Waingereza walileta kwa meli kama askari 8,000 kutoka India waje kuuchukua mji wetu kutoka kwa Wajerumani, ambao walikuwa na watu kama 1,000, wengi wao askari weusi. Jenerali wao aliona ni kazi ya asubuhi moja. Katikati ya vita nyuki wakatoka kwenye mizinga yao, wakawachoma watu bila kuuliza taifa. Waingereza walirudi melini wakaacha pwani bunduki, risasi na simu. Nilimsimulia jirani yangu akacheka kwa mara ya kwanza usiku ule, akakubali chai.

Pasipoti aliipeleka Alhamisi, akadai risiti, akaipiga picha risiti. Mjomba wa Muscat alifika wiki ya pili yake. Wazee walikaa kama alivyotaka, na yaliyozungumzwa huko si yetu.

Kwa kuwa wengi mtakutana na karatasi ya namna hii, niseme machache ninayoyajua kwa hakika kuhusu Uingereza. Kifungo cha “contempt” kinaweza kufika miaka 2. Anayedai kwamba umevunja amri anatakiwa kuthibitisha mpaka pasiwepo shaka ya maana, sawasawa na kesi ya jinai, hata kama kesi yenyewe ni ya familia. Una haki ya wakili na unaweza kupata msaada wa kisheria wa serikali. Una haki ya mkalimani. Una haki ya kunyamaza. Kama tarehe uliyopewa haiwezekani, mlango ni kurudi mahakamani kabla tarehe haijapita kuomba ibadilishwe. Barua nzuri peke yake haisimamishi amri. Na kama umekwisha kupita, lipo neno lao tamu kidogo, “to purge your contempt”, kuisafisha kontempti yako: unatekeleza ulichoamriwa, unaomba radhi mbele ya hakimu, naye anaweza kukufungulia. Waislamu na Wakristo wote wataitambua toba humo.

Na simu zenu! Kupiga picha mahakamani hapa kumekatazwa tangu sheria ya mwaka 1925, na kurekodi sauti bila ruhusa ni “contempt” kwa sheria ya mwaka 1981. Mtu anakwenda kumsindikiza ndugu yake, anataka kuwatumia walioko nyumbani kipande kidogo kwenye WhatsApp ili wajue kesi inaendaje. Nia safi, mwiba uleule. Mwaka 2011 mwanamke mmoja aliyekuwa mjumbe wa baraza la juri alifungwa miezi 8 kwa kuzungumza na mshtakiwa kwa Facebook.

Msidhani ni wanyonge tu. Desemba 2018 serikali ya Theresa May yenyewe ilikutwa na “contempt” ya Bunge la Makabwela, kwa kura 311 dhidi ya 293, kwa kukataa kutoa ushauri wote wa Mwanasheria Mkuu kuhusu kujitoa Umoja wa Ulaya baada ya Bunge kuutaka. Hakuna waziri aliyesonya. Walikuwa wamevaa tai, wakisema “honourable” kila sentensi ya pili. Mwaka huohuo, mwezi Machi, Mahakama Kuu ya Kenya iliwatoza Waziri Fred Matiang’i, Inspekta Jenerali wa Polisi Joseph Boinnet na mkuu wa Uhamiaji Gordon Kihalangwa shilingi 200,000 kila mmoja kwa kudharau mahakama: iliamriwa Miguna Miguna aachiwe, yeye akajikuta ndani ya ndege. Afrika Kusini nako, Juni 2021, Jacob Zuma alipewa miezi 15 kwa kutokwenda mbele ya tume ya uchunguzi alikoamriwa kwenda.

Nikilitazama neno hili kwa muda mrefu naona jambo jingine la ajabu. Katika mazungumzo ya kawaida “contempt” huteremka, kama asili ya “despise” inavyoonyesha: aliye juu anamtazama aliye chini. Katika sheria inapanda. Sheria haina adhabu ya bosi kumdharau mfagizi. Ina adhabu ya raia kumdharau mkubwa. Ndivyo neno lilivyotufikia Afrika Mashariki pia. Sheria za jinai tulizoachiwa na mkoloni, Kenya na Uganda kwa mfano, zilieleza kwamba kashfa ni maneno yanayomweka mtu katika “hatred, contempt or ridicule”: chuki, dharau au mzaha. Mwaka 1958 Julius Nyerere alipandishwa kizimbani Dar es Salaam kwa kashfa, kwa alichokiandika katika Sauti ya TANU juu ya maofisa wa wilaya wa kikoloni, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Wale maofisa walikuwa wakiwatazama chini wenzake kwa miaka. Hilo halikuwa na kifungu.

Na sisi wenyewe tulipopata mabunge yetu tuliichukua hamu hiyo nzima nzima. Desemba 2018 Profesa Mussa Assad, wakati huo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ya Tanzania, alihojiwa New York na Idhaa ya Kiswahili ya Umoja wa Mataifa. Akazungumzia udhaifu wa Bunge katika kuzifanyia kazi ripoti zake. Kwa mkaguzi wa hesabu, udhaifu ni neno la mezani. Ni “weakness” ya kila ripoti ya ukaguzi duniani: hapa pana udhaifu katika stoo, hapa pana udhaifu katika kutunza stakabadhi. Spika Job Ndugai alilisikia kwa masikio mengine, ya Kiswahili cha barazani, ambapo kumwambia mtu mzima “dhaifu” ni kumvua nguo. Januari 2019 Profesa akaitwa mbele ya kamati ya maadili ya Bunge kujieleza, akaeleza kwamba hiyo ndiyo lugha ya kazi yake. Aprili 2 Bunge likaazimia kutofanya kazi naye. Mimi si mwanasiasa, lakini kama mkalimani nilisikia uchungu: neno lilikuwa limevuka kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili bila mtu wa kulisindikiza.

Huku London tatizo ni kinyume. Huku dharau ya kweli, ile ya moyoni, imefundishwa kuvaa vizuri.

Kabla ya ukalimani nilisafisha ofisi. Saa kumi na moja alfajiri, basi la usiku, sisi Waafrika na Wakolombia tumelala tukiwa tumekaa. Siitaji kampuni. Mle ndani watu walikuwa wakinipita kwenye lifti kama vile mimi ni kile kitufe cha ghorofa. Kwa malezi yetu, kutosalimiwa siku tatu mfululizo na mtu unayeokota taka chini ya meza yake ni tusi kamili. Mama mmoja wa Kikongo tuliyefanya naye kazi alikuwa akiwasalimu kwa nguvu, “Good morning!”, kama anayedai deni. Baadhi walishtuka, wakajibu, na kuanzia hapo wakawa wanasalimu kila siku. Wale hawakuwa na dharau, walikuwa na London. Mji huu unawafanya watu wasitazamane. Wanapanda treni moja na jirani yao miaka kumi wasijue jina lake. Wengine waliendelea kumpita. Kwa hao mimi natumia neno lenyewe bila kusita.

Dharau ya Kiingereza mara nyingi huanza na neno heshima. Mwanasheria mmoja Mwingereza alinipangia ngazi zake tukiwa tunasubiri kesi: “with respect” maana yake umekosea, “with great respect” maana yake umekosea sana, “with the greatest respect” maana yake sijui nani alikuruhusu kuingia humu. Alisema kama mzaha, lakini tangu siku hiyo nimesikia zote tatu vikaoni, na kila mara wateja wangu wa Kiswahili wametabasamu kwa kushukuru wanaposikia “respect”. Nifanyeje hapo? Mkalimani haruhusiwi kuongeza. Natafsiri “kwa heshima kubwa kabisa”, kwa sauti kavu kama ya aliyesema, na namwachia Mungu.

Wana na kauli moja ambayo naiona kali kuliko matusi: “beneath contempt”. Yaani mtu au kitendo kiko chini ya dharau, hakifiki hata kiwango cha kudharauliwa. Nimejaribu kuitafuta kwa Kiswahili. Kilicho karibu ni lile jibu la mama zetu wakiulizwa juu ya mtu fulani: “Nani?”

Sasa watoto, maana najua ndiko kwenye moto katika nyumba nyingi.

Mwaka jana niliitwa shule ya binti yangu, ana miaka kumi na tatu. Kwenye ripoti mwalimu mmoja alikuwa ameandika kwamba akionywa huonyesha “a contemptuous attitude”. Nikaomba nielezwe amefanya nini hasa, kwa vitendo. Mwalimu, kijana mstaarabu tu, akasema: nikizungumza naye hanitazami. Anatazama chini, kimya, mpaka nimalize. Nikimwambia nitazame ninapozungumza nawe, ananitazama kidogo, macho yanarudi chini.

Nilimweleza kwamba nyumbani kwetu hiyo ndiyo picha ya mtoto mwenye adabu. Mtoto anayegombezwa na mkubwa akamkazia macho, huyo ndiye tungemwandikia “contemptuous”, na asingeandikiwa kwenye karatasi. Mwalimu aliniuliza maswali mazuri. Aliuliza msonyo nao ni adabu? Maana baadhi ya watoto husonya. Nikamwambia hapana, hapo tuko pamoja naye mia kwa mia. Mtoto akisonya aniite hata usiku. Kwa kweli msonyo ni lugha moja ambayo haihitaji mkalimani London hii: Wajamaika wanao, Wanigeria wanao, Wakongo wanao, sisi tunao, na watoto wa Kizungu wa mtaani kwetu wameujua vizuri tu. Ufaransa, mwaka 2015, shule moja ya sekondari huko Évry, karibu na Paris, iliupiga marufuku kwa jina. Bibi yangu angewaunga mkono.

Ripoti iliandikwa upya. Pale palipokuwa na neno lile sasa pameandikwa “quiet when corrected”, yaani hukaa kimya anaposahihishwa. Nimeiweka kwenye faili pamoja na ile ya kwanza, kwa sababu karatasi za shule hapa husafiri mbali kuliko mtoto mwenyewe, na neno kama lile likiingia kwenye faili huwa linamtangulia kila darasa jipya.

Lakini binti yangu hakuridhika. Usiku ule alikuja jikoni akasimama mlangoni.

“Mama, kwa hiyo macho yangu niyaweke wapi? Shule juu, nyumbani chini? Na mwalimu akija nyumbani?”

Baba yake akamwambia amtazame mwalimu. Mimi nikamwambia amtazame mwalimu, lakini mama mkubwa akija kutoka Tanga mwezi wa nane, macho chini. Yeye akasema amekwisha kupata njia yake. Anatazama nyusi. Mwalimu anadhani anatazamwa machoni, na yeye hajamkazia mtu mzima macho. Anasema nyusi za mwalimu wa hesabu zimeungana katikati, na muhula huu ameshazijua nywele zake karibu zote.